Gari Limebadilika Tabia Baada ya Kufungwa Vifaa: Tafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Malalamiko huja kwa mtindo uleule. Land Cruiser au Hilux imetoka gereji ikiwa na ngao mpya ya mbele, winchi, keria ya paa, madumu manne na tairi ya pili ya akiba mlango wa nyuma. Muda si mrefu dereva anasema gari halishiki barabara. Fundi anabadilisha shokapu, tatizo linabaki. Anaongeza pande moja (bamba la chuma) kwenye springi za nyuma, sasa gari linaruka. Chuma kinaongezwa juu ya chuma, na hakuna aliyeuliza: gari hili sasa lina kilo ngapi, na kilo hizo zimekaa wapi? Nusu ya pili ya swali ndiyo hupuuzwa zaidi, na ndiyo chanzo cha karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini.

Kabla ya dalili yoyote: mizani

Jaza tangi, panga mzigo kama wa safari, abiria wakae ndani. Tafuta mizani ya magari. Machimbo ya kokoto, maghala ya nafaka na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu huwa nayo, na mara nyingi watakupimia kwa ada ndogo. Pima mara tatu: gari zima, kisha tairi za mbele tu zikiwa juu ya mizani, kisha za nyuma tu. Linganisha na bamba la mtengenezaji lililoko kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, pamoja na kitabu cha gari. Humo utakuta uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari zima na, kwa magari mengi, wa kila ekseli.

Ukikuta umevuka, kazi ya kwanza ni kushusha mzigo. Springi nene hazibadilishi namba ya bamba, kwa sababu breki, beringi, ekseli na chasisi bado ni zilezile.

Kama huna mizani karibu, jumlisha kwa makadirio. Ngao ya chuma ni kg 50 hadi 80. Winchi yenye kebo ya chuma ni kg 35 hadi 45, na ukiweka kamba ya sintetiki ya winchi unaokoa karibu kilo 10. Keria ya chuma ni kg 40 hadi 60 ikiwa tupu, hema la paa kg 50 hadi 70, tairi ya akiba na rimu yake kg 30 hadi 40. Lita 20 za maji ni kg 20, za dizeli karibu 17, bila kuhesabu dumu lenyewe. Abiria saba wa kilo 75 ni kg 525. Wengi hushtuka wakifika mwisho wa hesabu hii.

Sasa hesabu ya mahali. Land Cruiser 78 ina takriban mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ning'iniza kg 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani bampa lenye tairi ya akiba na madumu. Ekseli ya nyuma haiongezewi kg 100. Inaongezewa 140, na ekseli ya mbele inapunguziwa 40. Mzigo huohuo ukiulaza sakafuni katikati ya ekseli mbili, unagawanyika nusu kwa nusu na usukani hauhisi kitu. Kilo ni zilezile, gari ni tofauti.

“Usukani umekuwa mwepesi, gari linahamahama”

Dalili hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, hasa kwa pikapu na magari marefu ya utalii. Kwenye lami, km 80 kwa saa, dereva anasahihisha kushoto na kulia bila kupumzika. Lori likipita, gari linasukumwa.

Chanzo cha kawaida kabisa ni mzigo ulio nyuma ya ekseli, kama hesabu ya juu inavyoonyesha. Jaribio lake ni la bure: shusha kila kitu kilicho nyuma ya ekseli ya nyuma, rudia kipande kilekile cha barabara kwa mwendo uleule. Tatizo likiondoka, usinunue kitu. Hamishia vizito mbele ya ekseli ya nyuma, chini, karibu na mgongo wa viti, na ujiulize kama kweli unahitaji tairi mbili za akiba kwa safari ya siku moja.

Linalofuata ni upepo wa tairi za nyuma. Ukuta wa tairi unaojikunja chini ya mzigo huufanya mkia uyumbe, na dereva huhisi kama usukani ndio mbovu. Pima zikiwa baridi, asubuhi, kwa geji yako mwenyewe na si ya kituo cha mafuta. Bamba la mlango huwa na namba mbili, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Wengi huishi kwenye ile ya tupu.

Kisha springi za nyuma zilizochoka. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa tao la tairi, pande zote nne, gari likiwa tupu na kisha likiwa limejaa. Andika. Namba hizi zitakusaidia kwa miaka. Mkia ukishuka sm 8 na pua ikapanda, ujue taa zako pia zinamulika macho ya wanaokuja.

Kama gari liliinuliwa, chunguza kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao tairi ya mbele hugeukia. Land Cruiser za familia ya 70 tangu 1999 zina ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, na springi za koili. Ukiinua sehemu ya mbele, ekseli huzunguka kidogo na kasta hupungua, kwa kadirio la karibu digrii 1 kwa kila sm 2.5. Dalili yake ni kwamba usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Jaribu uwanjani kwa mwendo mdogo: kata kona, legeza mikono, uone kama unajinyoosha. Usipojinyoosha, mashine ya alaimenti itakupa namba. Tiba ni bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya ekseli, na kazi ya kuzibana inahitaji presi na fundi anayejua. Wanaouza vifaa vya kuinua gari hawazitaji kila mara, kwa sababu bei ya jumla hupanda.

Mwisho ndipo utafute ulegevu kwenye viungo vya usukani: tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu kugeuka), bolijointi, boksi la usukani. Mtu mmoja atikise usukani huku injini ikiwaka, mwingine atazame chini kila kiungo. Kiungo kinachochelewa kufuata ndicho kimekwisha.

Usukani unatetemeka kwa nguvu baada ya shimo

Si mtikisiko mdogo wa balansi. Mbele yote inapiga kushoto na kulia, kwa kawaida kati ya km 60 na 90 kwa saa, na haikomi mpaka upunguze mwendo sana. Hutokea kwa magari yenye ekseli nzima mbele. Ukikupata, usikanyage breki kwa ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, sogea pembeni.

Anza na tairi. Kubwa, nzito na zenye matope makavu ndani ya rimu hutosha kuanzisha mtetemo. Safisha rimu kwa ndani, fanya balansi, pima upepo. Ukihamisha tairi za mbele kwenda nyuma na tatizo likabadilika, umepata mwelekeo.

Kisha inua gurudumu kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, na ulishike juu na chini. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kichwa cha ekseli, zile ambazo gurudumu hugeukia. Shika sasa kushoto na kulia: mchezo hapo huelekeza kwenye tairodi, ingawa beringi iliyolegea sana huonekana kote kuwili.

Baada ya hapo chunguza chuma kirefu kinachounganisha ekseli na chasisi kwa upande, panhadi. Bushi zake zikilika, ekseli nzima huhama kila unapogeuza usukani. Tundu la bolti lililopanuka kuwa yai halitibiki kwa kukaza.

Utagundua kwamba sijaitaja shokapu ya usukani. Ndiyo wengi hubadilisha kwanza, na mara nyingi mtetemo hupotea kwa mwezi mmoja kisha hurudi ukiwa mbaya zaidi, maana ilikuwa inaficha ulegevu. Ibadilishe mwisho.

SIMAMA: mtetemo wa aina hii ukitokea hata mara moja, gari lisiende safari mpaka likaguliwe. Na fundi akikwambia atachomelea tairodi au mkono wa ekseli, chukua gari lako. Sehemu za usukani hubadilishwa, hazichomelewi.

Gari linalala sana kwenye kona, linachelewa kusimama wima

Tazama paa. Chukua mfano wa gari la kg 2,600 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sm 80 kutoka ardhini. Weka juu ya paa kg 150, yaani keria, hema na madumu mawili, kwa urefu wa mita 2.1. Kitovu kinapanda karibu sm 7. Inaonekana kidogo, lakini kwa gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya tairi, pembe ambayo linapinduka likiwa limesimama inapungua zaidi ya digrii 2. Kwenye mteremko wa pembeni, springi za upande wa chini zikiwa zimekandamizwa na tairi moja ikiingia shimoni, nafasi halisi ni ndogo kuliko hiyo. Abiria wanaposimama ndani ya gari la utalii paa likiwa wazi, hali huzidi. Dereva asikate mteremko kwa upande wakati watu wamesimama.

Soma kitabu cha gari kuhusu kikomo cha paa, na kumbuka kwamba uzito wa keria yenyewe umo ndani ya kikomo hicho. Magari mengi yasiyo na mifereji ya paa huruhusu kg 75 hadi 100 tu, na kwa lami. Maji, mafuta na vyuma vishuke. Juu vibaki vyepesi na vikubwa: magodoro, mahema, turubai. Maoni yangu ni kwamba keria nyingi zimefungwa kwa ajili ya picha, na gari lingekuwa na afya bila hizo.

Kama paa ni tupu na bado linalala, angalia fimbo ya kuzuia kulala. Baadhi ya mafundi huifungua wakati wa kuinua gari na hawairudishi. Kisha bushi zake, kisha shokapu. Springi ngumu zaidi ni hatua ya mwisho, na hazishushi kitovu cha uzito. Hukufanya tu usihisi onyo mapema.

Breki zinachelewa, au pua inazama sana

Gari lililotoka tani 2.4 hadi 3.2 lina theluthi moja zaidi ya nguvu ya kugeuzwa joto kwa mwendo uleule. Na kama umeweka tairi za 285/75R16 badala ya 265/70R16, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 7. Breki zina kazi zaidi kusimamisha gurudumu hilo, na spidi mita ikisoma 80 wewe uko karibu 86.

Angalia kwanza unene wa pedi na hali ya diski, kisha mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kikomo hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka Kitonga au ukingo wa bonde kuelekea Mto wa Mbu na gari lililojaa, mguu ukiwa kwenye breki muda wote, unaweza kufika huko. Badilisha mafuta kila miaka miwili, na ushuke kwa gia ndogo.

Kisha jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Hilux na Land Cruiser nyingi zina vali ya breki inayosoma mzigo, juu ya ekseli ya nyuma, yenye kijiti kinachoungana na ekseli. Mkia ukishuka, vali huelewa kuna mzigo na kuzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiweka springi ndefu au ngumu, mkia haushuki tena. Vali inadhani gari ni tupu wakati limebeba tani nzima. Breki za mbele hufanya karibu kazi yote, pua inazama, pedi za mbele zinaisha haraka na za nyuma zinabaki kama mpya. Ukiona tofauti hiyo ya kulika, umeshapata jibu. Kurekebisha kijiti ni kazi ya fundi wa breki mwenye geji ya presha. Kukikunja kwa kubahatisha kunaweza kufunga tairi za nyuma kwenye lami yenye mvua.

SIMAMA: pedali ikienda chini au kuwa laini wakati wa kushuka, tumia gia na breki ya mkono taratibu, simama, acha zipoe. Usimwagie maji diski.

Mkia unagonga au kurukaruka kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi

Anayetoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, au Marsabit kwenda Loiyangalani, anaijua hali hii. Kugonga na kurukaruka ni matatizo mawili tofauti, na tiba zake zinapingana.

Ukigonga, yaani springi inafika mwisho wa safari yake, kuna mzigo kupita springi. Punguza, au weka springi zilizopimwa kwa uzito unaobebwa siku zote. Mkia ukiruka na gari kuteleza pembeni kwenye kona ya changarawe, springi ni ngumu kupita mzigo. Huyo ni mwenye pikapu aliyefunga springi za kilo 600 na kutembea tupu. Aondoe pande moja.

Katikati ya hayo kuna shokapu zilizokufa. Baada ya nusu saa ya mawimbi simama, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa, maana huunguza. Zote zinapaswa kuwa na joto. Iliyo baridi kati ya zenye joto haifanyi kazi. Mafuta yanayotiririka ni ushahidi mwingine. Punguza upepo psi 6 hadi 8, ushushe mwendo pia, na urudishe upepo ukifika lami.

Mifuko ya hewa ya kusaidia springi naiogopa kwenye pikapu. Huinua mkia vizuri, lakini husukuma chasisi sehemu moja iliyo juu ya ekseli huku mzigo ukining'inia nyuma. Angalia nafasi kati ya kabini na bodi: ikiwa pana juu kuliko chini, chasisi inapinda. SIMAMA hapo, shusha mzigo, ita fundi wa chasisi.

Gari linatembea upande

Bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imesogea, au bolti za U zimelegea. Hutokea baada ya kubadilisha springi bila kukaza tena. Kaza baada ya km 500 za kwanza, na usitumie tena bolti za U za zamani. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi tundu moja la chasisi, kulia na kushoto. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya sm 1, gari lisiendeshwe, livutwe.

Ukisoma alama za tairi mchangani, jua kwamba Land Cruiser 70 za V8 zilizotoka kuanzia 2007 zina upana wa nyuma mdogo kuliko wa mbele kwa karibu sm 10. Alama za nyuma kuwa ndani si kosa. Kosa ni zikiwa ndani upande mmoja tu.

Pua imezama, usukani mzito

Ngao na winchi juu ya springi za mbele za kiwandani. Weka springi za koili zilizopimwa kwa uzito huo, kisha alaimenti na kuelekeza taa upya. Zikishazama muda mrefu, kagua pia vizuizi vya mpira na beringi za mbele.

Tairi zinapata moto au kulika pembeni

Pima zikiwa baridi, tembea saa moja, pima tena. Ongezeko likizidi psi 6, ulianza na upepo mdogo au mzigo ni mkubwa. Soma namba ya uwezo iliyo ubavuni: 112 ni kg 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kg 1,400. Zidisha kwa mbili, linganisha na ulichopata kwenye mizani kwa ekseli hiyo.

Linaegemea upande mmoja

Orodhesha kilichofungwa upande huo: tangi la ziada, betri ya pili, jokofu, dumu la maji. Mara nyingi vyote viko kulia, pamoja na dereva. Hamisha betri au dumu, pima urefu wa matao tena gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Ukiona tofauti imebaki hata gari likiwa tupu, lala chini na tochi utafute pande la springi lililokatika karibu na bolti ya katikati. Ufa huanzia hapo, na hufichwa na vumbi.